Kulifunga paa la mabati lisichoshwe na upepo: mwongozo kamili kwa anayejenga Nairobi

Niliitwa Ruai, mashariki mwa Nairobi, alasiri moja ya Aprili, siku moja baada ya dhoruba. Mabati manne ya upande wa mashariki yalikuwa yameng'oka na kutua kwenye mahindi ya jirani. Mama mwenye nyumba alinipokea langoni.

"Fundi, upepo wa jana sijawahi kuuona," akaniambia. "Umenimaliza."

Nilipanda ngazi nikakuta skrubu zote ziko pale pale, zimesimama wima kwenye mbao, na raba zake bado ziko chini ya vichwa. Hata moja haikuwa imeng'oka. Nikashuka, nikaenda kuokota bati moja kwenye mahindi. Kila mahali palipopita skrubu palikuwa na tundu la kuingia kidole, na ukingo wa tundu ulikuwa umepasuka kama nyota, nyufa tatu nne zikitawanyika kutoka katikati. Ndani ya baadhi ya nyufa hizo mlikuwa na kutu ya kahawia.

"Mama, angalia hapa," nikamwambia. "Kutu hii haikuingia jana. Hili bati limekuwa likipasuka kwa muda mrefu. Jana lilimalizia tu."

Jambo hilo ndilo ningependa kila anayeezeka nyumba alielewe kabla hajanunua msumari wa kwanza. Paa la mabati mara nyingi halishindwi na upepo mmoja mkubwa. Linachoshwa na mipigo midogo mingi, kwenye matundu yale yale, mwaka baada ya mwaka. Ukilifunga ukifikiria dhoruba moja tu, utalifunga vibaya.

Upepo unafanya nini hasa juu ya bati

Watu wengi hudhani upepo unalisukuma paa. Kuta ndizo zinazosukumwa. Paa, hasa lenye mteremko mdogo, hufyonzwa kwenda juu. Upepo ukifika ukutani hulazimika kupanda na kuruka ukingo wa paa, na pale unaporuka, hewa iliyo juu ya bati inakuwa na msukumo mdogo kuliko ile iliyo chini yake. Bati linavutwa juu. Mvuto huo ni mkali zaidi kwenye penu (ukingo wa chini wa paa), kwenye kilele, kwenye ncha mbili za nyumba, na unapita kiasi kwenye pembe, ambako upepo hujisokota kama kimbunga kidogo. Mlango au dirisha la upande wa upepo likiachwa wazi, hewa inaingia na kulisukuma paa kutoka ndani pia. Nguvu hizo mbili zinajumlika.

Tufanye hesabu kidogo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kwa hewa hii, chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 2: umepata nyutoni kwa kila mita ya mraba. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ni mita 14 kwa sekunde, hivyo unapata karibu nyutoni 98, yaani kama kilo 10. Ukiongezeka hadi kilomita 100 kwa saa, nguvu hainuki mara mbili bali mara nne: karibu kilo 40 kwa mita ya mraba. Kwenye pembe za paa mvuto unaweza kufika maradufu ya hapo, kama kilo 80.

Sasa linganisha na uzito wa bati lenyewe. Bati la geji 30, ambalo unene wake ni karibu milimita 0.3, lina uzito wa kilo 3 hivi kwa mita ya mraba. Kwa hiyo uzito wa bati hausaidii kitu. Kinacholishika ni skrubu na misumari peke yake.

Na upepo hauji kama mkono uliotulia. Unakuja kwa mipigo: unavuta, unaachia, unavuta. Dhoruba ya saa moja inaweza kulitikisa bati maelfu ya mara. Kila mvuto unalikunja bati kidogo kuzunguka kichwa cha skrubu, na kila likiachiwa linarudi. Kila fundi anajua kukata waya wa kufungia nondo bila koleo: unaukunja huku, unaukunja kule, mara ya kumi hivi unakatika mkononi. Hakuna aliyeuvuta kwa nguvu. Bati nalo hukatika hivyo hivyo, ila huchukua miaka.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu katika mji wa Darwin, Australia. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1974, kimbunga Tracy kilibomoa sehemu kubwa ya mji huo. Kipima upepo cha uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa kabla hakijaharibika. Wahandisi waliochunguza mabaki walikuta mabati mengi yamepasuka kuzunguka vifungio, chini ya nguvu ndogo kuliko ile ambayo yangehimili kama yangevutwa mara moja tu. Baada ya hapo ikatakiwa huko mabati yajaribiwe kwa kuvutwa na kuachiwa mara 10,000. Sisi hatupati vimbunga vya namna hiyo. Lakini chuma ni kile kile, na kwetu mipigo inagawanywa kwenye misimu mingi: dhoruba za Machi hadi Mei, za Oktoba hadi Desemba, na upepo wa kila siku kwa walio kwenye tambarare za Utawala, Ruai, Syokimau na Kitengela, ambako hakuna mti wala jengo la kuukinga.

Hatua ya kwanza: ujue upepo wako

Kabla ya kuchora paa, simama kwenye ploti yako alasiri siku kadhaa. Nairobi upepo hutoka zaidi upande wa mashariki, kaskazini-mashariki au kusini-mashariki kulingana na msimu. Lakini ghorofa la jirani au bonde la mto linaweza kuupinda. Waulize waliokutangulia kujenga pale wapi mabati hulia usiku.

Kama bado unachagua umbo, paa la pande nne huhimili upepo vizuri kuliko la pande mbili, kwa sababu halina ncha zilizosimama wima. Mteremko mdogo sana, chini ya nyuzi 10 hivi, ndio unaofyonzwa zaidi. Nyumba nyingi za kupangisha huezekwa mteremko mmoja wa chini ili kuokoa mbao. Inawezekana kulifanya paa hilo liwe imara, ila halisamehe uzembe kwenye kufunga.

Hatua ya pili: mbao, kutoka bati hadi ukutani

Mvuto unaanza kwenye bati, unapita kwenye skrubu, unaingia kwenye upau, kisha kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kisha kwenye wolpleti (ubao unaolala juu ya ukuta), kisha ukutani. Kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoachia. Pau ni zile mbao za inchi 2x2 au 3x2 zinazolala kimlazo chini ya bati. Mafundi wengi wa Nairobi huziita palini.

Kwa geji 30, weka pau zisizidi sentimita 90 kutoka moja hadi nyingine. Nafasi kati ya upau wa kwanza penuni na wa pili iwe sentimita 60 tu, na vivyo hivyo karibu na kilele. Nimeona nyumba ambamo fundi aliziachanisha mita 1.2 kote ili aokoe mbao chache. Bati lililo kwenye nafasi kubwa hivyo hupiga kama ngozi ya ngoma.

Sasa kiungo cha upau na kenchi. Desturi ni kugongomea msumari mmoja au miwili ya inchi 4 kutoka juu. Msumari wa namna hiyo huvutwa moja kwa moja kutoka kwenye tundu lake, na mbao ikikauka unalegea. Kama kenchi zimeachana mita 1.2 na pau sentimita 90, kiungo kimoja cha kwenye pembe ya paa kinavutwa karibu kilo 85 upepo wa kilomita 100 ukipiga. Tumia utepe wa chuma, ule unaouzwa kwa roli hadweani. Upitishe juu ya upau, ushuke pande zote mbili za kenchi, kisha ugongomee misumari mitatu kila upande. Hapo msumari hauvutwi tena kutoka kwenye tundu lake. Ili utepe uachie, sharti msumari ukatike au mbao ipasuke. Fanya hivyo angalau kwenye pau mbili za penuni, mbili za kileleni, na kenchi mbili za kila ncha.

Wolpleti nayo ifungwe kwa utepe uliozikwa kwenye ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, wakati zege linamwagwa, karibu na kila kenchi. Nyumba isiyo na ringi bimu, zika utepe ndani ya ukuta chini ya kozi tatu za mawe, si kozi moja. Jiwe moja la kujengea la Ndarugu lililoshikwa na simenti kidogo halitoshi kulishikilia paa zima.

Na tafadhali, usiezeke kwa mbao mbichi. Saipresi ikitoka kwenye mashine ya kupasua leo na kupigiliwa kesho, inakaukia paani, inasinyaa, na tundu la msumari linapanuka. Ipange kivulini, na vijiti vya kutenganisha kati ya mbao, kwa majuma kadhaa. Subira hiyo haigharimu pesa.

Hatua ya tatu: bati lenyewe

Hapa sitakaa sana. Nunua bati lenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, upime unene mwenyewe kwa mikromita au umwombe muuzaji apime mbele yako. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 ni 0.3, geji 32 ni chini ya hapo. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kwa nyumba ya kuishi kwenye tambarare zetu, mimi siezeki kwa geji 32. Chuma kinachozunguka skrubu ni kidogo mno, na hapo ndipo mpasuko huanzia.

Hatua ya nne: skrubu na misumari

Ukiwa na pesa za ziada mahali pamoja tu, ziweke hapa.

Msumari wa mwavuli wenye mwili laini ndio adui wa zamani. Kila mpigo unauvuta nusu ya unywele, na haurudi. Kama ni lazima utumie misumari, chukua iliyosokotwa mwili, au mirefu inayopitiliza chini ya upau na kukunjwa. Lakini skrubu ya mabati yenye washa ya raba ni bora mno. Kwa mbao chukua ya inchi 2 na nusu, ili ikishapita mgongo wa bati zibaki angalau milimita 35 za nyuzi ndani ya upau. Kwenye pembe za paa tumia washa pana. Washa pana hutawanya mvuto kwenye eneo kubwa la bati, na hivyo huchelewesha ile nyota ya nyufa niliyoiona Ruai.

Bati la mawimbi hufungwa mgongoni, si bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Umbali kutoka mgongo hadi mgongo ni karibu milimita 76. Mpango wangu ni huu: katikati ya paa, skrubu kila mgongo wa tatu. Kwenye upau wa penuni, wa kileleni na kwenye ncha, kila mgongo wa pili. Kwenye pembe, kwa mita 1.2 kila upande, kila mgongo bila kuruka. Paa la mita 60 za mraba hula karibu skrubu 650 kwa mpango huo. Mwenye nyumba akisikia namba hiyo hushtuka, lakini angalia tofauti. Pembe iliyofungwa hivyo, kila skrubu inabeba chini ya kilo 4 upepo wa kilomita 100 ukipiga. Pembe iliyofungwa kila mgongo wa sita, kwenye pau za mita 1.2, kila skrubu inabeba zaidi ya kilo 40. Zote mbili zinaweza kuhimili siku ya kwanza. Swali ni nini kitatokea mara ya elfu kumi.

Kukaza ni sanaa. Kaza mpaka raba ivimbe kidogo tu kando ya kofia ya chuma, kisha acha. Ukiona mgongo wa bati umebonyea chini ya washa, umepita kiasi. Kile kishimo ulichokitengeneza ni mkunjo wa kwanza wa waya: bati limeshaanza kuchoka kabla upepo haujalifikia. Weka drili kwenye nguvu ndogo na umalizie kwa mkono kama huna uhakika. Skrubu iingie wima. Ikilala, raba inabana upande mmoja tu na maji yanapata njia. Ukimaliza siku, fagia vumbi la chuma juu ya bati, maana linapata kutu usiku huo huo na kula rangi.

Hatua ya tano: kulaza mabati

Anzia upande ambao upepo unaelekea, si unakotoka. Kama upepo wako ni wa mashariki, bati la kwanza lilale magharibi, na kila linalofuata lipande juu ya mwenzake. Hivyo mdomo wa kila kiungo unaupa upepo kisogo. Pandanisha mgongo mmoja na nusu kando, na sentimita 15 mwisho kwa mwisho. Mteremko ukiwa mdogo, fanya 20.

Bati lisitokeze zaidi ya sentimita 7 hivi nje ya upau wa mwisho penuni. Lile linaloachwa linaning'inia sentimita 30 ili kivuli kiwe kikubwa ni mdomo wazi wa kuuma upepo. Ukitaka penu pana, refusha kenchi na uweke upau nje kabisa, kisha uzibe chini kwa mbao. Kofia ya kilele nayo ifungwe pande zote mbili kila mgongo wa pili. Kwenye dhoruba nyingi nilizofuata, kofia ndiyo iliyotangulia kuruka, na bati zikafuata.

Paneli za sola, antena na tangi zifungwe kwenye kenchi au pau. Ukizifunga kwenye bati peke yake, umeliongezea tanga.

Hatua ya sita: kulikagua mara mbili kwa mwaka

Februari na Septemba, kabla ya mvua. Joto nalo hulichosha paa: bati la mita 6 likipata tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka na kufupika karibu milimita 3, kila siku, likisugua kwenye skrubu.

Anza ndani. Ingia darini saa sita mchana, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Ukiona nyota ndogo za mwanga kwenye mistari ya pau, kila nyota ni tundu lililopanuka. Weka alama ya chaki kwenye upau chini yake. Kisha simama nje mbali kidogo, uangalie mstari wa penu na wa kilele: panapoinuka, kuna kilicholegea. Usiku wa upepo sikiliza. Bati linalogonga moja kwa moja mahali pamoja linakuambia skrubu ipi imechoka.

Ukipanda, panda siku tulivu na kavu, ukiwa umefungwa kamba, na ukanyage tu kwenye mistari ya skrubu ambako kuna mbao chini. Angalia kwa makini nyaya za stima zinazoingia nyumbani. Gusa kila kichwa kwa kidole. Kinachozunguka kimelegea. Kilichoinuka ni msumari unaotoka. Pete ya kutu maana yake raba imekufa. Ufa, hata mfupi kama punje ya mchele, maana yake bati limefika mwisho hapo.

Msumari ulioinuka usiupigilie tena kwenye tundu lile lile. Utatoka tena kabla ya msimu kwisha. Ung'oe, uweke skrubu nene na ndefu zaidi. Penye ufa, ziba tundu kwa silikoni ya paa na uhamishe skrubu kwenye mgongo wa jirani, ukitumia washa pana. Ukikuta nyufa kwenye matundu matatu au zaidi ya bati moja, badilisha bati lote.

Najua pia kuna nyumba nyingi, Mathare, Mukuru na kwingineko, ambazo paa lake limeshikwa na mawe na matairi. Anayefanya hivyo anatumia alicho nacho. Lakini jiwe linabana pale tu lilipolala, na upepo ukiliinua bati kando yake, jiwe linabiringika na kumwangukia mtu. Kama una pesa ya skrubu ishirini tu na mita chache za utepe wa chuma, anza na pembe nne, kisha penu la upande wa upepo.

Kwa paa jipya, kuna ukaguzi mmoja zaidi: urudi baada ya mwaka wa kwanza, mbao zikishakauka, ukaze kila skrubu iliyolegea. Ruai tulirudi Septemba iliyofuata. Mama alikuwa ameshapanda darini mwenyewe na tochi, na chaki yake ilikuwa imewekwa mahali pawili, karibu na bomba la moshi. Zote mbili zilikuwa kweli. Tulikaza moja, ya pili tukaihamisha mgongo mmoja kushoto.